Mlo wa Mwana wa Mbingu

Chakula ni haja ya kila kiumbe, na mbele ya haja hiyo mfalme na mchukuzi wa maji ni sawa. Tumbo la mtawala halikuumbwa kubwa kuliko tumbo la raia, wala ulimi wake haukujaliwa ladha ambayo ndimi nyingine hazikupewa. Njaa ikiwafika huwauma namna moja. Shibe ikiwafika huwalaza namna moja. Walakini tangu kale mataifa mengi yamekubali kwamba mtawala hali kama wengine walavyo. Hupakuliwa kwanza, hupakuliwa zaidi, na hupakuliwa vilivyo adimu. Kutokana na desturi hiyo huzuka swali ambalo halijapata kuzeeka: wingi wa chakula mezani kwa mtawala ni haki yake, au ni pambo la dola, au ni amana aliyowekewa na watu ambao jasho lao ndilo liijazalo meza ile?

Nchi chache zimelipima swali hilo kwa makini kama China ya kale. Huko upishi haukuwa kazi ya jikoni peke yake; uliingia katika ibada, katika sheria na katika siasa. Masimulizi ya kale yasema kwamba Yi Yin, waziri wa Tang aliyeasisi nasaba ya Shang, alikuwa mpishi kabla hajawa waziri, na kwamba alimfunza bwana wake mambo ya utawala kwa mfano wa chungu: moto usizidi wala usipungue, kiungo kimoja kisimeze kingine, na kila ladha ipewe nafasi yake. Masimulizi hayo yalirudiwa kwa karne nyingi kwa sababu yalieleza imani ya watu, kwamba ajuaye kusawazisha chumvi na siki hayuko mbali na ajuaye kusawazisha haki za wanadamu. Jiko na baraza vilihesabiwa kuwa vyumba viwili vya nyumba moja.

Chombo kilichotukuzwa kuliko vyote katika nyumba hiyo kilikuwa chungu cha shaba nyeusi kilichosimama juu ya miguu, kiitwacho ding, ambamo nyama ya sadaka na ya karamu iliandaliwa. Kwa kanuni za nasaba ya Zhou, kama wanazuoni wa baadaye walivyozieleza, mfalme, ambaye jina lake la heshima lilikuwa Mwana wa Mbingu, alistahili vyungu tisa. Watawala wa majimbo walistahili saba, mawaziri vitano, na waungwana wa daraja la chini vitatu. Idadi ya vyungu ilikuwa kama muhuri. Aliyejiongezea chungu alijiongezea cheo, na aliyejiongezea cheo alikuwa amekwisha kuanza uasi, japo hajafuta upanga alani.

Ushahidi wa jambo hilo umetoka chini ya ardhi. Mwaka 1978 wachimbuzi wa mambo ya kale walilifukua karibu na mji wa Suizhou, katika jimbo la Hubei, kaburi la Yi, mtawala wa jimbo dogo la Zeng, aliyezikwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Humo mlikuwa na kengele 65 za shaba nyeusi na vyombo vingi vya kulia na kunywea, na miongoni mwake vyungu tisa vya namna moja pamoja na vyombo vinane vya kuwekea nafaka. Yi hakuwa Mwana wa Mbingu. Alikuwa mtawala wa jimbo lisilotajwa sana. Lakini nguvu za wafalme wa Zhou zilikuwa zimedhoofika wakati ule, na wadogo walikuwa wakijipakulia kwa kipimo cha wakubwa, hata kaburini. Tabia ya kukifanya chombo cha kulia kuwa shahada ya cheo haikuwa ya China tu. Karne nyingi baadaye mabakuli ya kauri yaliyofinyangwa China yalivuka Bahari ya Hindi, na waungwana wa pwani ya Afrika Mashariki waliyapachika katika nguzo za makaburi, kama ilivyokuwa Kunduchi na Mambrui. Bakuli lililojengewa katika kaburi halipakuliwi wali tena. Kazi yake ni kusema habari za aliyelala pale.

Ikiwa chombo chaweza kusema, basi mlo wote wa mfalme ulikuwa hotuba. Kitabu cha kale kiitwacho Zhouli, kielezacho jinsi serikali ya Zhou ilivyopasa kupangwa, chataja watumishi wa nyumba ya mfalme wapatao 4,000, na zaidi ya 2,000 kati yao ni watu wa chakula na vinywaji. Watu 342 ni wa samaki, 94 ni wa barafu, 62 ni wa chumvi. Na pia wako matabibu wa chakula, ambao kazi yao ni kuulinganisha mlo na majira ya mwaka na afya ya mlaji. Msomaji akiishia hapo atasema kwamba kitabu hicho ni utukufu wa ulafi. Lakini kitabu hicho hicho chaweka sharti. Mlo kamili wa mfalme, ulioandamana na muziki, haukuruhusiwa siku zote. Ulikatazwa wakati wa msiba mkubwa, wakati wa njaa kubwa, wakati wa tauni, wakati wa maafa ya mbingu na ardhi, na wakati dola ilipopatwa na jambo zito. Basi wapishi wote wale, wavuvi wote na watu wote wa barafu waliwekwa chini ya amri moja: nchi ikilia, jiko linyamaze.

Katika sharti hilo mna fikira kubwa. Wahenga wa Waswahili wamesema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo yaeleza maumbile ya mwanadamu kama yalivyo: shibe ni pazia, na aliye nyuma ya pazia haoni. Waliotunga kanuni za Zhou walilijua hilo pia, lakini hawakuridhika kulijua tu. Walitaka pazia lipasuliwe kwa sheria. Hawakumwachia mfalme ahisi huruma siku atakayopenda. Walimtaka apunguziwe sahani siku watu wake walipopunguziwa mavuno, ili habari ya njaa imfikie kwa njia ambayo hakuna mjumbe awezaye kuipotosha, yaani kwa tumbo lake mwenyewe.

Yawezekana mtu akauliza: Je, mfalme akiacha nyama, maskini hushiba? Swali hilo ni la haki. Sahani iliyorudishwa jikoni kwenye jumba la kifalme haikupata kusafiri hadi kibanda cha mkulima, na huenda mfungo wa mtawala ukawa mchezo wa kuigiza, ambao ndani yake mtu hujinyima kitoweo kimoja ili asifiwe kwa vitoweo mia. Lakini sheria haipimwi kwa mnafiki aitumiaye vibaya. Kujinyima kwa mtawala si shibe ya mwenye njaa. Ni kukiri deni. Na mtu aliyekiri deni, hata kama hajalipa, amekaa karibu zaidi na malipo kuliko yule anayekana kwamba hadaiwi.

Kinyume cha kukiri deni ni tamaa isiyojua mwisho wake. Han Fei, mwanafalsafa aliyekufa mwaka 233 kabla ya Kristo, alisimulia habari za Zhou, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Shang, ambaye jina lake halina uhusiano na nasaba ya Zhou iliyomwangusha yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo. Mfalme huyo alijifanyia vijiti vya kulia vya pembe ya ndovu. Jizi, jamaa yake mwenye busara, alipoviona vijiti hivyo aliogopa. Alifikiri kwamba vijiti vya pembe havitatulia juu ya bakuli la udongo. Vitadai vikombe vya thamani. Vikombe vya thamani havitatiwa kunde na majani. Vitadai nyama za wanyama adimu. Nyama adimu hazitaliwa na mtu aliyevaa nguo fupi ya kufumwa nyumbani chini ya paa la nyasi. Zitadai hariri na majumba ya ghorofa. Hesabu ya Jizi, kwa masimulizi hayo, ilitimia upesi, na mfalme akapoteza dola.

Huenda mtu akamwona Jizi kuwa mwoga kupita kiasi. Watu wengi wamelia vijiti vya pembe na hawakuangusha nchi. Maneno hayo ni kweli, lakini hayamgusi mfalme. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mtu wa kawaida achovyapo, buyu lenyewe humkomesha, kwa kuwa ni dogo na ni lake. Mkewe humkumbusha, jirani humcheka, mwenye duka humnyima mkopo. Mfalme hana buyu dogo. Buyu lake ni nchi, na waliomzunguka hawasemi basi, kwani kila mmoja ana kijiko chake. Alichokiogopa Jizi hakikuwa pembe. Kilikuwa mlolongo usio na mtu wa kuukata.

Mfalme Renzong wa nasaba ya Song, aliyetawala tangu mwaka 1022 hata 1063, alitambua mahali pa kuukata. Historia rasmi ya nasaba hiyo yaeleza kwamba usiku mmoja aliona njaa, akatamani nyama ya kondoo ya kuchoma. Jumba lilikuwa lake, wapishi walikuwa wake, na kondoo hawakukosekana. Hata hivyo alijizuia asiagize. Aliogopa kwamba akiagiza mara moja, wapishi watachinja kila usiku, ili mfalme asije akatamani tena wakawa hawako tayari. Tendo hili ni dogo, na kwa udogo wake lafundisha. Renzong hakuiona nyama kuwa haramu, wala hakuiona njaa yake kuwa aibu. Alitambua kwamba matamanio ya mtu mwenye nguvu hayabaki kuwa matamanio. Yakishatamkwa hugeuka desturi, na desturi huendelea kuchinja hata siku ambayo aliyeianzisha amelala.

Kondoo wa Renzong walikuwa karibu na jumba. Jambo huwa gumu zaidi chakula kinapotoka mbali, kwa sababu mla hawezi kuiona njia. Kusini mwa China huota mti uzaao lichi, tunda jekundu lenye nyama nyeupe na maji matamu, ambalo ni jamaa ya shokishoki lijulikanalo Unguja. Tunda hilo huharibika upesi likishachumwa. Wakati wa nasaba ya Han, lichi na tunda jingine linalofanana nalo yalipelekwa mabichi kutoka kusini hadi mji mkuu wa Luoyang, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Li moja ya wakati ule ilikuwa chini ya nusu kilometa. Na njiani humo kila li kumi paliwekwa kituo, na kila li tano paliwekwa zamu ya wapokezi. Farasi na watu walikimbia kupita milima na mabonde, na waliokufa walifuatana njiani.

Mtu aliyepeleka habari hiyo kwa Kaisari He, aliyetawala tangu mwaka 88 hata 106 baada ya Kristo, hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa Tang Qiang, mkuu wa wilaya ya Linwu, wilaya iliyopakana na nchi ya matunda. Aliyaona yaliyotendeka njiani, akaandika. Kaisari alikuwa na kisingizio kizuri cha kumnyamazisha, kwa kuwa matunda yale hayakusemwa kuwa ya starehe. Yalisemwa kuwa ya kuwatolea wazee waliofariki katika hekalu la ukoo. Hakukitumia. Aliamuru ofisi ya chakula isiyapokee tena, kwa hoja kwamba sadaka imdhuruyo raia hailingani na kumpenda raia. Hivyo utamu ulikoma mezani ili watu wasife barabarani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa meza iliyochukuliwa kuwa amana. Mwenye amana aliposikia kwamba inaharibiwa, hakuuliza heshima yake itapungua kiasi gani. Aliuliza watu wangapi wameumia.

Hata hivyo si haki kuihukumu fahari ya meza kana kwamba haina wakili. Wakili wake angesema hivi. Dola haiwezi kuwapokea wageni kwa kiporo. Wajumbe wa mataifa wajapo, mlo huwaambia nguvu na adabu za nchi kabla mkalimani hajafungua kinywa. Ibada huunganisha walio hai na waliotangulia, nayo huhitaji vyombo na vyakula vyake. Sanaa ya mapishi, ambayo China imewapa walimwengu kwa ukarimu, haingekua bila majiko makubwa ambamo mtu aliweza kutumia maisha yake yote katika kujifunza mchuzi mmoja. Tena maelfu ya wapishi, wavuvi na watunza barafu walipata riziki kwa njia ya meza ile. Hoja hizi zina uzito, na mwenye insafu hazitupi.

Lakini Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliweka mpaka ambao wakili huyo hawezi kuuvuka. Alipoongea na Mfalme Hui wa Liang alimwonyesha jiko lililojaa nyama na zizi lililojaa farasi wanono, kisha akamwonyesha raia waliodhoofika na maiti za wenye njaa mashambani, na akamtaka akiri kwamba kuua kwa utawala hakutofautiani na kuua kwa upanga. Mencius hakusema kwamba mfalme asile vizuri. Alisema kwamba vitu viwili hivyo haviwezi kutazamwa mbalimbali, kana kwamba jiko liko katika nchi moja na njaa iko katika nchi nyingine. Fahari yaweza kutetewa maadamu haijajengwa juu ya mfupa wa mtu. Ikishajengwa hapo, wala wageni, wala ibada, wala sanaa haviwezi kuitakasa.

Swali linalobaki ni hili: mtawala ataujuaje mfupa ulio chini ya meza yake? Kaisari Xuanzong wa nasaba ya Tang ni jibu chungu la swali hilo. Alipoanza kutawala mwaka 712 alikuwa mtu wa kiasi. Mwaka 714 aliamuru vito na nguo za fahari za jumba zichomwe mbele ya jumba lenyewe, ili watu waone kwamba zama za israfu zimekwisha. Miaka ikapita, nchi ikatajirika, na mfalme akazoea. Katika uzee wake alimpenda Yang Guifei, na Yang Guifei alipenda lichi. Basi farasi wa posta wakakimbizwa tena maelfu ya li ili tunda lifike Chang'an kabla ladha yake haijageuka. Mambo yaliyokomeshwa na Kaisari He yalirudi baada ya miaka zaidi ya 600, na safari hii hapana sauti ya mkuu wa wilaya iliyoweza kuyasimamisha. Mtu aliyechoma hariri na mtu aliyekimbiza farasi walikuwa mtu mmoja. Kwa hiyo haifai nchi kuitegemea tabia njema ya mtawala peke yake, kwa kuwa tabia huchakaa kama nguo, na mvaaji huwa wa mwisho kuliona tundu la mgongoni.

Mwishoni mwa mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi. Katikati ya mwaka 756 Xuanzong alikimbia mji mkuu pamoja na jamaa zake na askari wachache. Walipofika Xianyang adhuhuri ilikuwa imeingia, na Kaisari hajala. Waziri wake alimnunulia mikate sokoni. Wanakijiji wakaleta wali mbaya usiokobolewa vizuri, uliochanganywa na ngano na maharagwe. Wajukuu wa Kaisari waliugombania kwa mikono mitupu. Kwa muda mdogo ukaisha, nao hawakushiba. Watoto wale walikuwa wamezaliwa katika jumba ambalo kila sahani ilikuwa na mtumishi wake.

Katika wanakijiji hao palikuwa na mzee aliyeitwa Guo Congjin. Yeye hakuleta chakula tu, alileta na maneno. Alimwambia Kaisari kwamba uasi ule ulikuwa umejulikana siku nyingi, na kwamba waliojaribu kuusema waliadhibiwa. Kwamba zamani mawaziri walisema kweli na nchi ikatulia, lakini kwa miaka mingi kweli imekuwa mwiko barazani, hata yaliyotokea nje ya lango la jumba Kaisari hakuyajua. Alisema pia kwamba watu wa mashambani walikuwa wameliona janga hilo mapema, lakini malango yalikuwa mengi, na neno la mtu mdogo halikuwa na njia ya kupita. Kaisari alikubali kosa lake na kusema kwamba majuto hayafai kitu tena. Siku iliyofuata, huko Mawei, askari wenye njaa na hasira walimwua waziri aliyenunua mikate, kisha wakadai kifo cha Yang Guifei, naye akauawa.

Mlo wa Xianyang ni mmoja tu katika maelfu ya milo aliyokula Xuanzong, nao ulikuwa mbaya kuliko yote. Lakini ndio mlo pekee ulioletwa na watu waliomwambia kweli. Kabla ya siku ile ladha zote za dola zilikuwa na njia ya kufika kwake. Tunda la kusini lilikuwa na njia, samaki wa mtoni alikuwa na njia, barafu ilikuwa na njia hata wakati wa joto. Ila habari za watu zilikosa njia. Farasi aliyebeba lichi alifunguliwa kila lango. Raia aliyebeba ukweli alifungiwa. Hapo ndipo kosa la meza ya kifalme liliposimama, na si katika wingi wa sahani. Nchi iwezayo kumfikishia mtawala tunda bichi kutoka pembe ya mbali yaweza kumfikishia na kilio kutoka pembe hiyo hiyo. Isipofanya hivyo si kwa sababu barabara ni mbovu. Ni kwa sababu mtu fulani amechagua kipi kipite.

Hapana budi kusema pia kwamba amana ikisahauliwa humdhuru hata yule aketiye mezani. Puyi, Kaisari wa mwisho wa China, alitawazwa mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka miwili, na akajiuzulu mwaka 1912. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1964, alinakili hesabu za jiko la jumba la Beijing za mwaka 1910. Mtoto huyo wa miaka minne aliandikiwa kwa mwezi mmoja nyama ipatayo kilo 480, pamoja na kuku na bata 240. Kila mlo meza zilijaa sahani, na kila sahani ilikuwa na kipande cha fedha cha kugundulia sumu, na towashi alionja kwanza. Lakini chakula cha jiko hilo kilikuwa kimekaa juu ya moto muda mrefu hata hakina ladha, kikapangwa mbali kwa ajili ya kutazamwa tu. Alichokula kilitoka katika majiko mengine, ya wake wakubwa wa jumba.

Siku moja mtoto huyo alivimbiwa, na wakubwa wake wakaamuru apewe uji tu kwa muda. Alilia njaa na hakuna aliyemsikiliza. Alipopelekwa kuwatupia samaki vipande vya mikate, alitia kimoja kinywani mwake. Siku nyingine aliona vyakula vilivyoletwa kwa mama mkubwa wa jumba, akavirukia na kunyakua nyama, matowashi wakampokonya. Kuku na bata 240 walikuwa vitabuni, na mwenye jina juu ya vitabu hivyo alikuwa akigombania chakula cha samaki. Fahari ilikuwa imebaki na maana ilikuwa imeondoka. Kanuni za kale zilitaka meza ya mfalme ipungue nchi ilipokuwa na njaa. Kanuni za mwisho hazikuweza kumshibisha hata mfalme mwenyewe aliyekuwa na njaa mbele yake.

Basi lile swali la kwanza lapata jibu lake. Wingi wa chakula mezani kwa mtawala si haki yake, kwa kuwa hakuulima. Si pambo tu, kwa kuwa pambo halitokwi na jasho. Ni amana. Na haki ya amana si kwamba mwenye kuiweka asile, bali ajue anakula nini, kimetoka kwa nani, na kimepita njia gani hata kufika mkononi mwake. Na mtu wa Linwu akiandika, barua yake isomwe kabla ya tunda kumenywa. Wafalme wa China wamekwisha, na vyungu vyao vimo katika makumbusho. Lakini meza hazijaisha duniani, wala watu waketio kwenye meza zilizojazwa na mikono ya wengine. Kila mmoja wao, mkubwa au mdogo, ana lango la nyumba yake, na juu yake iko hiari ya kufungulia lichi peke yake, au kumfungulia pia aliyeleta habari za njia.